Anayeuliza Njia ya Satellite

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, tena la kufurahisha: Nyongesa alipata alama zote kumi.

Huyu Nyongesa alisukuma mkokoteni wa maji mitaa ya Kawangware, mwili wa kubeba mitungi, sauti ya kujificha nyuma ya watu. Tangu ajiunge na darasa la Kiingereza cha kuongea hakuwahi kupita alama nne. Kuandika aliandika vizuri, lakini akitakiwa kusema alifungua mdomo, akaufunga, akatazama viatu vyake. Alasiri ile alivua miwani, akapangusa uso kwa mkono wa shati, akamwonyesha mwalimu namba iliyokuwa kwenye kompyuta. Mwalimu Jael akampigia makofi. Ndipo akaona kwamba mkono ule wa shati umelowa hadi kwenye kiwiko.

Akamwuliza kama amemwagikiwa na maji ya kunywa.

"Zii, mwalimu," Nyongesa akasema. "Ni yule mathe wa nyumba ya mwisho. Kwake kunanyesha. Lakini ako poa sana. Anakuuliza pole pole mpaka unajikuta unaongea."

Darasa likacheka, na Jael akacheka nalo. Lakini aliendelea kuutazama ule mkono wa shati ukidondosha maji sakafuni. Katika ulimwengu ule wa miwani hapakuwa na mvua. Aliyeutengeneza aliweka jua la saa nne asubuhi likasimama hapohapo. Na katika nyumba ya mwisho hakuwekwa mama wala mtu yeyote.

Miwani yenyewe ilikuwa mikubwa, myeusi, ya kufunika nusu ya uso. Ukiivaa, chumba ulichosimama kinapotea, unajikuta mahali pengine, na watu waliotengenezwa kwa kompyuta wanakujia wakikusemesha Kiingereza mpaka uwajibu. Vituo vingine viliwapeleka wanafunzi uwanja wa ndege wa London, na wanafunzi wakasimama pale wakiwa bubu, kwa kuwa mtu huogopa hata kukohoa katika nyumba asiyoijua. Gathoni, mwenye kituo hiki, alifikiri vizuri kuliko hao. Baba yake, mzee Waithaka, alikuwa na ploti ya nyumba za mabati, safu mbili zinazotazamana. Kabla haijabomolewa ijengwe ghorofa, Gathoni alipita na simu akapiga picha kila ukuta, kila kamba ya nguo, kila beseni lililoachwa. Kutokana na picha hizo akaijenga ploti upya ndani ya miwani. Mwanafunzi akiingia alikuta mahali pa kwao. Getini alisimama mgeni mwenye sanduku, akauliza njia ya dukani, ya zahanati, ya steji. Hilo ndilo lilikuwa somo la mwezi ule, kumwelekeza mtu njia, na watu waliokuwa mabubu London walifunguka hapo kama bomba. Kituo kilikuwa chini ya ghorofa yenyewe, kwa hiyo aliyevaa miwani alisimama palepale ploti ilipokuwa imesimama.

Jael alijua nyumba ya mwisho ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mwanamke aitwaye Akoth, mpangaji wa mwisho kubaki. Kifua chake kilikuwa kibaya, akaomba aachwe mvua za masika zipite. Mzee Waithaka alimpa notisi, akamwongezea muda, akamwongezea tena. Maneno yalipoisha akafanya yale ambayo wenye ploti hufanya maneno yakiisha: akaleta fundi, mlango ukang'olewa. Hakuwa wa kwanza, na hakuna jirani aliyeona kwamba amefanya jambo la ajabu. Mvua ikanyesha. Wafanyakazi waliokuja kubomoa walimkuta Akoth amekaa pembeni, leso mbili mabegani, amekwisha kupoa.

Fundi aliyeung'oa mlango alikuwa Ken, mwenye kibanda cha useremala Laini Saba, kule Kibera. Ken ni mdogo wake Jael, tumbo moja. Alimwambia dada yake wakiwa wanakula, bila kuinua macho kwenye sahani. Alisema alitumwa, na kama angekataa angeitwa mwingine. Ilikuwa kweli. Jael hakumwambia mtu, na alipopata kazi kwa Gathoni miezi kadhaa baadaye alizidi kutosema. Ila tangu alasiri ile ya shati lililolowa, kila alipomtazama Nyongesa alimwona Ken.

Siku zilizofuata wanafunzi wengine nao wakaanza kupata alama zote. Walitoka kwenye miwani wakiwa wachangamfu, wametokwa na haya, nywele zina umande. Jael alianza kupita nyuma yao akisikiliza, maana aliye nje ya miwani husikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Alimsikia msichana wa saluni akisema kwa Kiingereza kilichonyooka: toka getini, pinda kushoto, pita bucha mbili. Akamsikia kijana wa bodaboda: ukifika kwenye kinyozi usipinde, endelea mbele. Mwanzoni Jael alifikiri wanamwelekeza yule mgeni mwenye sanduku. Lakini mgeni aliuliza duka, zahanati na steji tu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa upande wa bucha mbili.

Kisha ikaja Alhamisi. Darasa lilikuwa limejaa, watu kumi na zaidi wamesimama wametawanyika chumbani, kila mmoja amefunikwa uso kwa miwani yake, kila mmoja akizungumza kwa sauti yake, na Jael alikuwa ameinama akichomeka waya ukutani aliposikia zile sauti, ambazo siku zote huwa kelele kama za sokoni, zikianza kukaribiana, maneno ya huyu yakiingia katika maneno ya yule, mpaka zikawa zinasema neno moja kwa wakati mmoja, polepole, kwa adabu, kama watu wanaosali. Akainuka, akaona kwamba wote wameinua mkono wa kulia, na vidole vyote, vya wale waliotazama dirisha na vya wale waliotazama ukuta, vimenyooshwa upande mmoja, upande wa Satellite, mtaa anakokaa mzee Waithaka, na wote wanasema, ni geti la kijani, huwezi kulipotea, mzee hukaa chumba cha nyuma.

Chumba kikanuka mabati mabichi na udongo uliolowa.

Jael akaenda ukutani, akang'oa waya mkuu. Wanafunzi wakavua miwani wakilalamika. Alipowauliza walikuwa wakiongea na nani walimwambia bila wasiwasi: na yule mathe. Anauliza njia ya kwa landlord. Kila siku anauliza zaidi kidogo, na ukimweleza vizuri anasema asante, na alama zinapanda. Kwa mzee Waithaka walikujua wote, wala hawakuona ubaya. Ndivyo walivyofundishwa, mtu akikuuliza njia, mwonyeshe.

Jioni hiyo Gathoni alimwambia Jael, kama kichekesho, kwamba wezi wa Satellite wamerukwa na akili. Geti la nyumbani kwa baba yake lilikutwa asubuhi limetolewa na kuegemezwa ukutani kwa uangalifu, na skrubu zimepangwa chini kwa mstari. Hakuna kilichoibwa. Keshoye ulikuwa mlango wa jikoni. Halafu wa sebuleni. Gathoni akaita watu wa kuchomelea, wakaweka mlango wa chuma, nao ukakutwa umeegemezwa kama mingine, na hapo chini, mahali ambapo hapakuwa na skrubu tena, palikuwa na matone ya chuma kilichoyeyuka yaliyopangwa kwa mstari. Nyayo za maji zilitoka getini, zikaingia, zikaishia karibu zaidi kila siku. Na mzee Waithaka akaanza kukohoa. Daktari akasema ni kifua, akampa dawa. Mzee akazinywa, akalala chini ya blanketi tatu mchana kweupe, akilalamika kwamba chumba chake kina upepo.

Jael akaamua kuingia mwenyewe. Alingoja wanafunzi watoke, akavaa miwani adhuhuri moja, jua la Kawangware likiwa nje na jua la Gathoni likiwa ndani.

Ploti ilikuwa kimya. Yule mgeni mwenye sanduku alisimama getini amegeuziwa uso ukutani. Jael akapita katikati ya safu mbili za mabati, kamba za nguo juu yake, na kadiri alivyoendelea alisikia kitu ambacho hakikutengenezwa na mtu, mvua ikipiga bati, si mabati yote bali bati moja, na alipofika mwisho akaona kwamba ni kweli, inanyesha juu ya paa moja tu, kamba ya maji inashuka mbele ya nafasi iliyo wazi ambapo mlango ungekuwa, na nyuma ya maji yale, chini, pembeni, mwanamke amekaa na leso mbili mabegani, akitetemeka kidogokidogo bila kukoma, kama bati linavyotetemeka lori likipita.

Mwanamke akamsalimu kwa Kiingereza. Kilikuwa kizuri, kilekile cha Jael, na hata namna ya kuvuta mwisho wa sentensi ilikuwa ya Jael.

Jael akamjibu kwa Kijaluo. Ulimwengu ule haukujua Kijaluo. Ukisema lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, taa nyekundu huwaka pembeni na sauti hukuomba ujaribu tena. Taa ikawaka. Sauti ikaomba. Lakini mwanamke aliinua macho, na alipojibu alijibu kwa Kijaluo cha nyumbani.

"Njia ya mzee wamekwisha kunionyesha," Akoth akasema. "Wanafunzi wako wanaeleza vizuri. Sasa namtafuta yule fundi. Unamjua?"

"Simjui," Jael akasema.

"Sawa. Nitawauliza wengine."

Jael akavua miwani. Kola yake ilikuwa imelowa alipokuwa akifunga kituo. Hakuwa na la kufanya ila kumwambia Gathoni, na alimwambia karibu yote. Ken hakumtaja. Alijiambia moyoni kwamba wanafunzi wa hapa hawamjui fundi, akajifariji kwa hilo. Akamwambia Gathoni pia kwamba kwao, mtu akifia mbali na nyumbani, mwili pekee hautoshi kupelekwa. Ni lazima mzazi aende mpaka pale alipokata roho, amwite kwa jina, achukue udongo wa hapo, asafiri nao akimsemesha njia nzima. Asipoitwa hubaki. Gathoni, ambaye ni mtu wa kanisa na wa kompyuta, alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akatafuta namba ya mama yake Akoth, akamtumia nauli.

Alikuja kwa basi kutoka Ugenya, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya raba na mkoba wa plastiki. Mzee Waithaka aliletwa kutoka Satellite na taksi, akakalishwa kwenye kiti, blanketi begani. Kituo kilifungwa kwa wanafunzi siku hiyo. Watu wanne ndani ya chumba, na kikohozi cha mzee.

Mama Akoth alieleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba alikuja wakati ule wa msiba kuchukua udongo. Alikuta shimo la msingi, mashine iko ndani. Aliuliza udongo umepelekwa wapi, akaambiwa umebebwa na lori, hakuna anayejua umemwagwa wapi. Akarudi kwao mikono mitupu. Walizika mwili. "Yeye tulimwacha," alisema.

Mzee Waithaka alivuta pumzi. Kwa haki yake isemwe kwamba hakuwa mtu wa kiburi, na alipozungumza hakujitetea kwa sauti kubwa.

"Mama, mimi nilimpa muda. Uliza mtu yeyote."

"Najua ulimpa. Aliniambia kwa simu. Alisema mzee wa hapa ni mtu mzuri, hatanitoa kwenye mvua."

Mzee akakohoa. Gathoni akamvisha mama miwani na kumshika mkono asije akagonga ukuta.

Mama Akoth alisimama kwanza bila kutikisika. Kisha akauachia mkono wa Gathoni, akatembea peke yake, moja kwa moja, kwa mwendo wa mtu aliyewahi kupita hapo, akafika pembe ya chumba, akakaa chini sakafuni, akasogea kidogo kama anayempisha mwenzake.

"Akoth, nyathina," akaita. Mwanangu.

Jael peke yake ndiye aliyeelewa yaliyofuata. Yalikuwa maneno ya kawaida kabisa. Mama aliuliza kama amekula. Aliuliza kwa nini amevaa leso hizi nyepesi, ile nzito iko wapi. Alinyoosha mkono akapangusa hewa, juu kwenda chini, polepole, na mkono ukarudi unang'aa maji. Akasikiliza. Jael alingoja lile neno moja la kwenda nyumbani, alingoja huku amebana vidole, kwa kuwa neno lile lingemwokoa mzee aliyekuwa akikohoa mbele yake na lingemwokoa Ken pia, ambaye wakati huo huenda alikuwa akipiga randa bila habari. Mama akavuta pumzi, akasema sentensi moja, fupi. Haikuwa ile.

Alipovua miwani kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinadondosha. Gathoni akamgeukia Jael amwambie kimesemwa nini. Mama Akoth akainua kiganja.

"Nitasema mwenyewe, kila mtu asikie. Nilikuja kumchukua. Nimemkuta anatetemeka, na hapo hakuna mlango. Nimemwambia amalize kwanza. Akimaliza, nitarudi."

Gathoni akapiga magoti. Alisema mengi, na mama alimwacha aseme yote, kisha akamwinua kwa mikono miwili.

"Wewe sina neno nawe, binti yangu. Wewe ulimjengea nyumba tena. Mimi sikukuta hata udongo."

Akaomba chai. Akainywa yote, akashukuru, akaenda kupanda basi.

Jumapili iliyofuata, watu wa nyumba wakiwa kanisani, mzee Waithaka aliachwa na dada yake aliyekuwa jikoni akimchemshia supu, na dada huyu alisema baadaye kwamba alisikia sauti ya skrubu ikizungushwa, sauti ndogo, ya kuuma meno, akafikiri ni jirani, akasikia nyingine, akasikia mzee akiongea na mtu kwa upole, akimwambia kwamba sasa amefika basi aingie, akaenda mbio na kijiko mkononi, na jua likiwa limejaa ua mzima akakuta mlango wa chumba cha nyuma umeegemezwa ukutani, skrubu zimepangwa kizingitini kwa mstari, na ndani, kitandani, mzee amelala amekunja magoti chini ya blanketi tatu zilizolowa mpaka zinachuruzika.

Walimzika. Gathoni alilia kwa uchungu wa mtoto, kisha akatulia, na alipotulia aliamini kwamba mambo yamekwisha: Akoth amechukua alichokuja kuchukua. Hakutaka tena kukaa katika jengo lile. Ulimwengu wa ploti pamoja na miwani yote akawapa watu wa ukumbi mmoja wa kanisa kule Kibera, waanze darasa Jumatatu. Alidhani anamfurahisha Jael alipomwambia kwamba ukumbi wenyewe uko Laini Saba, karibu na kwao, na kwamba yeye ndiye atakayeendelea kufundisha.

Jael aliuliza kama haiwezekani nyumba ya mwisho ifutwe. Gathoni akasema alijaribu. Kila alipoifuta, asubuhi aliikuta.

Laini Saba. Pale kila mwenye mlango alimjua Ken, maana milango yao aliitengeneza yeye. Mtoto wa kwanza kuvaa miwani angeulizwa kwa upole, naye angeonyesha kwa kidole, kibanda kile pale, kando ya reli, na angepata alama kumi. Jael alifikiria kuwaambia. Ila angewaambiaje wasimtaje fundi bila kumtaja fundi? Alifikiria kuvunja miwani, akakumbuka mlango wa chuma. Ijumaa, wakati Gathoni amekwenda kutafuta maboksi ya kufungia vitu, aliivaa kwa mara ya mwisho.

Hakuhitaji kutembea. Akoth alikuwa amekwisha kutoka ndani, amesimama getini, mvua yake imekuja naye.

"Namtafuta fundi," akasema.

Jael akamwelekeza kama anavyofundisha, bila kuruka hatua. Akamtoa Kawangware, akamvusha barabara kuu, akampeleka Kibera, lakini Laini Saba hakumpitisha kabisa. Akamfikisha Sarang'ombe, kwenye bomba la maji, akamwambia ahesabu nyumba tatu kulia, mlango wa rangi ya samawati. Hapo ndipo analala, akasema. Ilikuwa nyumba ya Jael mwenyewe. Akoth akamshukuru. Kompyuta ikampa alama kumi.

Alitoka hapo moja kwa moja mpaka kibandani kwa Ken, akamkuta amepiga magoti kwenye vumbi la mbao anapima mguu wa meza. Akaomba bisibisi.

"Mwalimu leo ni fundi?" Ken akacheka. "Usininyang'anye kazi, sista. Nini imeharibika?"

Alisema bawaba imelegea kidogo. Ken akasema basi atapita airekebishe yeye, na Jael akakataa haraka mno, akamwambia amalize meza yake. Alimtazama muda kidogo zaidi ya kawaida, vumbi likiwa kwenye nyusi zake. Akaenda.

Nyumbani alifungua skrubu moja moja. Mlango ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Aliuburuta, akauegemeza ukutani, akapanga skrubu kizingitini. Alikuwa amepanga atakayosema. Angemwambia Akoth kwamba ujira wa siku ile ya kung'oa mlango ulinunua unga, na huo unga aliula yeye pia. Kwamba kama kuna mtu wa kumalizia, ni huyu hapa, mlango wake uko wazi. Akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, akakaa kwenye kigoda akitazama nje. Kwa jirani nguo zilikuwa zimeanikwa na jua linazipiga. Ndipo bati la juu yake likaanza kulia, tone, tone, kisha kwa pamoja, na kamba ya maji ikashuka mbele ya nafasi iliyo wazi huku nguo za jirani zikiendelea kukauka.

Akoth aliingia akiinamisha kichwa, kama mgeni yeyote. Alitazama mlango ulioegemezwa. Alitazama skrubu. Akakaa upande wa pili wa chai, na baridi iliyotoka kwake ikafunga pumzi ya Jael kifuani, lakini Jael alisema yote aliyoyapanga, kwa Kijaluo, bila kuacha hata unga, na alipomaliza aliona kwamba mwanamke yule amekoma kutetemeka, ameweka viganja kwenye kikombe, anamtazama si kwa hasira bali kwa namna ya mtu anayefikiria kukubali.

"Kwa hiyo ni ndugu yako," Akoth akasema.

"Ndiyo. Usiulize mtu mwingine. Nichukue mimi."

Nje kukasikika viatu vikiruka dimbwi, na sauti ya kijana ikicheka.

"We Jael, kwako tu ndiko kunanyesha? Niletee bisibisi, nimepata kazi ya haraka." Ken akasimama nafasini, maji yanamchuruzika, akaona mlango. Akapiga mluzi. "Na nani amekufanyia hii? Bawaba imelegea, unang'oa mlango mzima?"

Jael alifungua mdomo. Alitaka kumwambia kimbia, akajua kwamba akisema atakuwa amemwonyesha, na asiposema pia amemwonyesha, na ulimi wake, uliofundisha watu wengi kusema, ukakaa mahali pake kama kitu cha mtu mwingine. Ken hakumwona aliyeshika kikombe cha pili. Alichukua bisibisi kwenye meza, akainua mlango kwa bega, akapiga magoti kizingitini, akawapa mgongo wote wawili. Alifanya kazi upesi na vizuri, akiongea peke yake kuhusu mbao za siku hizi, skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akoth aliweka kikombe chini. Alikuwa anatazama mikono ile.

"Iko sawa sasa," Ken akasema, akasimama, akajipangusa magoti. Kisha, kama fundi yeyote anayejali kazi yake, akaingia ndani, akaufunga ajaribu kama unakaa.

Ulikaa. Nje mvua ilikatika. Jael aliisikia ikianza ndani.